Je, Yafaa Mtu Kuuza Ushinde Wake?

Tumepokea barua kutoka Eldoret, katika mtaa uitwao West Indies, ya kijana wa Kiislamu ambaye kazi yake ni kukimbia. Barua hiyo tuliisoma katika darsa yetu baada ya sala ya Isha, na wanadarsa wakakhitalifiana kwa masiku mawili. Wako waliocheka, na wako waliosema kwamba jambo hili si la msikitini. Sisi tumeona kwamba ni la msikitini hasa, kwani swali lenyewe, ukilivua nguo yake ya riadha, ni swali la sokoni, na la mahakamani, na la nyumbani kwa kila mmoja wetu.

Kijana ameandika hivi:

"Sheikh wangu, mimi ni mkimbiaji, na sijapata kushinda mbio kubwa. Amenijia wakala anayetaka niende nchi ya mbali nikakimbie. Nitavaa namba kama wenzangu, na jina langu litaandikwa pamoja na washindani. Lakini sharti lake ni kwamba, mwisho wa mbio nikijiona niko mbele, nipunguze mwendo ili mtu wa nchi ile apite. Nitalipwa kwa kushindwa huko zaidi ya ninavyolipwa kwa kushinda hapa kwetu. Mama yangu ni mgonjwa, na wadogo zangu wawili wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo ya skuli. Mimi simwibii mtu wala simpigi mtu. Nashindwa tu. Je, kushindwa ni haramu?"

Kabla ya jawabu yafaa tuwaeleze wasomaji wa pwani hali ya watu wa huko. Kwetu sisi mbio ni mchezo wa watoto ufuoni, lakini Eldoret mbio ni kazi, kama uvuvi ulivyo kazi kwetu. Mji ule umekaa juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, hata kifua cha mwenye kuizoea kikawa na nguvu ashukapo nchi za chini. Tangu zama za Kipchoge Keino, aliyepata nishani ya dhahabu katika mji wa Mexico mwaka 1968, vijana wa nchi ile wameona kwamba miguu yaweza kumjengea mtu nyumba na kumsomeshea wana. Basi huamka kabla ya jua kutoka, wakakimbia barabarani makundi kwa makundi. Wachache hupata, na walio wengi hawapati. Na huyu wa West Indies ni katika hao walio wengi.

Amma mashindano yenyewe, dini yetu haikuyakataza. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), akashindwa, kisha baada ya muda wakashindana tena, naye akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba sasa wamelipana. Na Salama bin Al-Akwa' (R.A.) alishindana kwa miguu na mtu wa Ansari ambaye hakuwa na wa kumpita, wakielekea Madina, baada ya kuomba ruhusa kwa Mtume. Na katika mashindano ya farasi, Mtume aliwawekea farasi waliofunzwa masafa yao, na wasiofunzwa masafa yao mafupi zaidi, ili shindano liwe la haki. Ama kutoa tuzo katika mbio za miguu, hapo pana ikhtilafu: katika madhehebu yetu ya Kishafii kauli iliyotangulizwa ni kukataza, na Mahanafi wameruhusu. Mwenye kutaka salama ya dini yake atalizingatia hilo. Lakini kijana wetu hakuuliza juu ya tuzo ya mshindi. Ameuliza juu ya ujira wa mshindwa, na huo ndio mlango tunaotaka kuufungua.

Wanavyuoni wametaja katika fikihi kwamba watu wawili wakishindana kwa farasi, na kila mmoja akaweka mali yake ili mshindi achukue yote, hiyo ni kamari. Illa aingie wa tatu asiyeweka kitu, na farasi wake awe ni wa kuweza kuwashinda. Ikiwa farasi wa huyu wa tatu ni dhaifu, yajulikana tangu mwanzo kwamba hatafua dafu, basi kuingia kwake hakuhalalishi kitu. Tazama fikira hiyo, ndugu msomaji. Hawakutosheka na kuwako kwa farasi wa tatu uwanjani. Walitaka awe anashindana kweli. Shindano ambalo mwisho wake umekwisha kupangwa si shindano, ijapokuwa farasi wanakimbia na vumbi linaruka.

Yupo atakayesema: "Mbona katika mbio za siku hizi wako watu wanaolipwa ili wasishinde, wala hapana anayelalamika?" Ni kweli. Wakimbiaji humwita mtu huyo pesimeka. Kazi yake ni kwenda mbele kwa mwendo uliopangwa, awakate wenzake upepo, na akifika mahali fulani ajitoe. Aghlabu huvaa nguo au namba ya kumpambanua, na waamuzi wamjua, na watazamaji wamjua. Huyu ni mwajiriwa kama mwajiriwa mwengine. Ameuza pumzi yake, wala hakumdanganya mtu.

Tena tuna kisa cha nyumbani. Mwaka 1968 huko huko Mexico, katika fainali ya mita 1,500, Mkenya Ben Jipcho alitoka kwa kasi kubwa mno, akaumaliza mzunguko wa kwanza kwa kiasi cha sekunde 56, ili mwenzake Keino apate mbio za haraka ambazo Jim Ryun wa Marekani hazitamwafiki. Keino alishinda, Ryun akawa wa pili, na Jipcho, aliyejichosha kwa ajili ya mwenziwe, akamaliza wa kumi. Jipcho hakuuza kitu, alitoa. Alikimbia kwa nguvu zake zote mbele ya macho ya watu wote. Hata hivyo imesimuliwa kwamba baadaye alimtaka radhi Ryun. Zingatia hapo: mtu ambaye hakuvunja amana ya mtu, moyo wake bado ulimwambia kwamba katika uwanja ule kulikuwa na haki ya mtu mwengine. Basi moyo wa aliyelipwa kwa siri utamwambia nini?

Na hilo la siri nalo limetokea, si zamani. Tarehe 14 Aprili 2024, katika mbio za nusu marathoni mjini Beijing, Wakenya wawili na Muhabeshi mmoja walikuwa mbele pamoja na He Jie, bingwa wa Kichina. Walipokaribia mwisho walionekana katika picha wakimwashiria apite, nao wakipunguza mwendo. He Jie alifika kwa saa 1, dakika 3 na sekunde 44. Na hao watatu wote wakafika kwa sekunde moja nyuma yake. Mmoja wao kwanza alisema kwamba amemwachia kwa kuwa ni rafiki yake. Kisha akasema kwamba waliajiriwa kuongoza mwendo ili Mchina yule avunje rekodi ya nchi yake. Ulipofanywa uchunguzi, ikathibitika kwamba walichukuliwa kwa kazi hiyo na kampuni iliyoshirikiana katika mbio, lakini wenye mbio hawakuarifiwa, wala hawakupewa alama ya kazi yao. Walivaa kama washindani. Wote wanne walifutiwa matokeo, wakanyang'anywa nishani na fedha za tuzo.

Miguu ilikuwa ile ile, na kupunguza mwendo ni kule kule. Pesimeka anayejulikana akipunguza, hapana ubaya. Asiyejulikana akipunguza, ni hadaa. Basi ubaya haumo katika kushindwa. Ubaya umo katika yale waliyoambiwa watu kuhusu kushindwa huko. Mwenye kuvaa namba ya mshindani na kusimama penye mstari amekwisha kusema, bila ya kufungua kinywa: "Mimi nitashindana." Mbio zake ni ushahidi anaoutoa mbele ya watu, na ushahidi wa uwongo, kama mjuavyo, umehisabiwa katika madhambi makubwa. Mtu anaweza kushuhudia uwongo kwa ulimi, na anaweza kuushuhudia kwa miguu.

Dini yetu imelijua jambo hili kabla hazijakuwako marathoni. Mtume (S.A.W.) alikataza najshi, nayo ni mtu kuingia mnadani akapandisha bei na hali hataki kununua. Mtu huyu hakuiba. Amesema bei tu. Lakini amesimama mahali pa mnunuzi naye si mnunuzi, na watu wakamsadiki. Kijana wa West Indies anaombwa awe najshi wa uwanjani: asimame mahali pa mshindani naye si mshindani. Na mnakumbuka yule mwenye nafaka sokoni, ambaye Mtume alitia mkono katika chungu yake akakuta chini imerowa. Yule mtu alitoa udhuru kwamba ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuiweka iliyorowa chini na kavu juu.

Sasa tupite ng'ambo ya bahari, kwa watu waliojaribu njia hii kabla yetu wakaona mwisho wake. Marekani wana mchezo uitwao besiboli, ambao mtu hurusha mpira na mwengine huupiga kwa gongo. Mwaka 1919 timu ya Chicago, White Sox, iliingia katika fainali na timu ya Cincinnati, nayo Chicago ikitarajiwa na wengi kushinda. Wachezaji wake kadhaa wakapatana na wacheza kamari ili washindwe kwa fedha. Mrushaji wao mashuhuri, Eddie Cicotte, alichukua dola 10,000, na katika mchezo wa kwanza akampiga kwa mpira mpigaji wa kwanza wa Cincinnati, iwe ni ishara kwa wacheza kamari kwamba mapatano yako pale pale. Cincinnati ikashinda michezo mitano kwa mitatu.

Habari ilifichuka mwaka 1920. Watu wanane walishitakiwa, na mwezi wa Agosti 1921 baraza la wazee wa mahakama likawaachilia. Siku ya pili yake Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyepewa usimamizi wa mchezo ule wote, akawafungia maisha, akisema kwamba hukumu ya mahakama haimlazimu kuwarudisha uwanjani. Walizeeka na kufa katika hali hiyo. Mwaka 2025 tu ndipo marehemu wote walipoondolewa katika orodha ya waliofungiwa, yaani zaidi ya miaka mia moja baada ya kosa, wakati ambapo hapana hata mmoja wao aliyekuwa hai kufurahi.

Katika kisa hiki mna mafunzo matatu, nayo ndiyo majibu ya udhuru wa kijana wetu.

La kwanza: yeye asema hamdhulumu mtu. Katika timu ile ya Chicago alikuwamo mrushaji mwengine, Dickie Kerr, asiyeingia katika mapatano. Huyu alicheza kwa uaminifu, akashinda michezo miwili na hali nyuma yake wamesimama wenzake waliokwisha kuuza fainali. Ndiye aliyedhulumiwa. Kadhalika katika kila mbio yupo wa nne au wa tano aliyefanya mazoezi mwaka mzima, akatoka jasho la kweli, na mahali pake pakachukuliwa na mapatano asiyoyajua. Hatumwoni kwa kuwa kamera humtazama wa kwanza. Mwenyezi Mungu humwona.

La pili: udhuru wa ufukara. Wachezaji wale walinung'unikia ujira wao, na mikataba ya zama zile ilimfunga mchezaji kwa mwenye timu, hata hakuweza kwenda pengine bila ya ruhusa yake. Hiyo ni dhuluma, nasi hatuitetei. Dini yetu imeamrisha mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Lakini dhuluma ya mwajiri haikupi ruhusa ya kumdhulumu mtu wa tatu. Mwenye kudhulumiwa na tajiri yake akaja kumlipiza mtazamaji, ni kama aliyepigwa na baba akaenda kumpiga mtoto wa jirani. Na twasema waziwazi kwamba mzigo mkubwa zaidi uko juu ya shingo la wakala na aliyemtuma, wanaotafuta nyumba yenye mgonjwa na karo, kisha wakabisha hodi.

La tatu, nalo ni zito: kunyamaza. Katika wale wanane alikuwamo Buck Weaver, ambaye hakuchukua fedha, na alicheza vyema. Lakini alijua, akanyamaza. Naye alifungiwa pamoja nao. Wengi waliona kwamba ameonewa, na hapana shaka dhambi yake si sawa na ya aliyepokea. Hata hivyo, tujiulize: ni mambo mangapi miongoni mwetu yamesimama kwa ajili ya wanaojua wakanyamaza?

Hapa tugeuze uso tujitazame wenyewe, kwani ni wepesi kumhukumu kijana wa bara na mchezaji wa Chicago. Nyumba ya mayatima inaponadiwa katika mji wetu, je, hapana anayetumwa kupandisha bei, au anayelipwa anyamaze ili bei isipande? Inapochaguliwa kamati ya msikiti, je, hatujaona mtu akisimamishwa ili ashindwe tu, ipate kusemwa kwamba palikuwa na uchaguzi? Na katika mashindano yetu ya kuhifadhi Kur'ani, ambayo ni fahari yetu, je, kila mwamuzi husahau mtoto yule ni wa nani na nani aliyetoa pesa za tuzo? Na vijana wetu wa mpira, wanaokwenda kwa waandika talasimu kabla ya mchezo, wao nao wanataka ushindi usiopitia miguuni. Huo ni ubaya wa aina nyengine, na shirki imo ndani yake, lakini mzizi ni mmoja: kuona kwamba ukweli wa jambo hauna thamani, na kwamba thamani iko katika kinachoonekana.

Basi tulimjibu kijana kwamba kushindwa si haramu. Kila mja hushindwa. Lakini kuuza ushinde kwa siri ni khiyana, na ujira wake hauna baraka. Akiajiriwa kuongoza mwendo kwa dhahiri, kwa alama inayojulikana na waamuzi na washindani, hiyo ni kazi ya mkono wake, na sisi hatumzuii.

Baada ya wiki tatu ikaja barua ya pili, fupi: "Nimemkataa wakala. Amemchukua jirani yangu. Mama yangu yu vile vile. Sheikh, nimefanya faida gani?"

Wallahi barua hii ilitunyamazisha kuliko ile ya kwanza. Tuliona aibu, kwa kuwa tulimpa hukumu bila ya kumpa msaada, na hukumu peke yake ni rahisi kwa aliyeshiba. Wanadarsa walichanga pale pale, karo ya wale wadogo wawili ikapelekwa, na jambo la mama tumelikabidhi kwa ndugu walio karibu nao. Twawaomba wasomaji wajue kwamba mwenye kumwambia fukara "hili ni haramu" amejitwisha deni la kumsaidia kuipata halali.

Ama swali lake la faida, jawabu letu ni hili. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hapitwi. Siku moja akaja Bedui juu ya ngamia wake kijana, akampita. Jambo lile likawa zito kwa Waislamu. Mtume alipoliona hilo katika nyuso zao, akawafahamisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia illa na kukishusha. Fikiri: mwenye ngamia ni Mtume wa Mungu, na mji ni mji wake, na watu wote wampenda. Lau palikuwa na mtu wa kupunguziwa mwendo kwa heshima, basi ni yeye. Wala Bedui hakupunguza, wala Mtume hakutaka apunguze, wala hapana aliyemlaumu Bedui. Ngamia wa Mtume alishindwa kweli, na Bedui akashinda kweli, na ushinde ule haukumvunjia Mtume hadhi hata kidogo.

Basi, ewe mwanangu wa West Indies, faida yako ni kwamba utakaposimama tena penye mstari, miguu yako itasema kweli. Ukishinda, ni ushindi. Na ukishindwa, ni ushinde wako mwenyewe, haukununuliwa na mtu. Na huyo jirani yako usimcheke wala usimkate. Atakaporudi, mwendee, kwani huenda akawa na haja na ndugu kuliko siku zote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali iliyo nyepesi, na atutie ukweli katika ndimi zetu na miguu yetu. Wabillahi tawfiq.